Maji Yaliyofichika: Jinsi Watu Walivyojifunza Kuyapima

Mwezi wa Agosti, mtu apitaye alfajiri katika vijiji vya Walungu huona ndoo na madumu yamepangwa mstari chini ya kilima. Akina mama na watoto wangojea zamu. Bomba dogo lililojengewa kwenye chemchemi latoa maji membamba kama kidole. Mwezi wa Aprili bomba hilo hilo lilikuwa likitoa maji kwa nguvu, wala hapakuwa na mtu wa kungoja.

Wakiwa katika kungoja, watu huzungumza. Mzee asema kwamba zamani chemchemi hii haikupungua hata kiangazi. Kijana abisha: ni ile ile, ila watu wamekuwa wengi. Mama mmoja ailaumu mikaratusi iliyopandwa juu ya kilima. Nani asema kweli? Huenda wote watatu. Lakini hakuna awezaye kuonyesha, kwa sababu hakuna aliyepata kuyapima maji hayo na kuandika.

Msomaji mpendwa, maji yaliyo chini ya ardhi hayaonekani kwa macho. Hata hivyo watu wamepata njia za kuyajua: yapo wapi, ni mengi kiasi gani, yapungua au yaongezeka, ni safi au ni machafu. Njia hizo hazikupatikana kwa siku moja. Historia yake ni ndefu, na inafaa kusimuliwa, maana yatuhusu sana sisi wa milimani.

MAJI YA CHEMCHEMI YATOKA WAPI?

Kwa muda wa karne nyingi wenye elimu wa Ulaya hawakuamini kwamba mvua yatosha kulisha chemchemi na mito. Wengi walidhani kwamba maji ya bahari hupita katika mifereji iliyofichika chini ya nchi, hupanda mpaka ndani ya milima, huacha chumvi yake njiani, kisha hutoka tena kama chemchemi. Hata Padre Athanasius Kircher, Myezuiti mwenye elimu kubwa, aliyafundisha hayo katika kitabu chake juu ya mambo ya chini ya ardhi mwaka 1665, pamoja na picha nzuri sana. Alikuwa mtu mwenye akili, lakini alikosea, kwa kuwa hapakuwa na vipimo vya kumsahihisha.

Vipimo vilianza na jambo dogo. Huko Korea, mwaka 1441, watumishi wa mfalme walikuwa wamekwisha kutumia chombo cha kukinga mvua na kuipima. Katika Ulaya, mwaka 1639, mtawa Mbenediktini aitwaye Benedetto Castelli, mwanafunzi wa Galileo, aliweka chombo cha kioo nje wakati wa mvua huko Perugia, apate kujua mvua ile itainua maji ya ziwa la Trasimeno kwa kiasi gani. Kisha mwaka 1674 Mfaransa Pierre Perrault alitoa hesabu iliyowashangaza wengi. Alipima mvua ya miaka mitatu, akakadiria maji yote yanyeshayo katika bonde la juu la mto Seine, akayalinganisha na maji yapitayo mtoni. Akaona kwamba mvua ilikuwa mara sita ya maji ya mto. Basi hapakuwa na haja ya kuitafuta bahari ndani ya milima. Mvua yatosha, tena yabaki.

Hesabu hiyo twaweza kuifanya nasi. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya meta moja ya mraba ni sawa na lita moja. Kwa hiyo mvua ya milimita 20 juu ya shamba la hekta moja ni lita 200,000. Sehemu yake hupanda tena hewani kwa jua na kwa majani. Sehemu hukimbia juu ya ardhi, ikichukua udongo wetu hadi bondeni. Na sehemu hupenya chini taratibu. Hiyo ya tatu ndiyo akiba yetu. Ndiyo tunywayo mwezi wa Agosti.

PADRE ALIYETAFUTA CHEMCHEMI

Mwaka 1818 padre kijana aitwaye Jean-Baptiste Paramelle aliwekwa kuwa paroko wa Saint-Jean-Lespinasse, katika jimbo la Lot, kusini ya Ufaransa. Nchi ile ni ya mawe ya chokaa. Mvua hunyesha, lakini maji yote humezwa na nyufa za mawe, na juu hubaki pakavu. Paramelle aliwaona watu wakienda mbali sana kuteka maji, na wanyama wao wakiteseka.

Hakuchukua kijiti cha uganga, kama walivyofanya wengi wakati ule, wala hakukiamini. Alianza kutembea. Kwa miaka mingi alichunguza mabonde, miteremko, rangi ya udongo, mahali pa majani mabichi wakati wa ukame, na jinsi tabaka za mawe zilivyolala. Akatambua kwamba maji ya chini hufuata njia zake kama maji ya juu: hukusanyika chini ya mabonde, na hutokea pale ambapo mwamba upitishao maji hukutana na udongo mzito usiopitisha. Baadaye alisafiri katika wilaya nyingi za Ufaransa, akiwaonyesha watu mahali pa kuchimba, kina cha kisima, na wingi wa maji. Kwa hesabu yake mwenyewe alionyesha mahali zaidi ya 10,000. Mwaka 1856 alitoa kitabu, akaeleza kanuni zake zote pasipo kuficha neno. Waganga huficha siri zao. Yeye alitaka kila mtu ajue.

Mwaka ule ule wa 1856 mhandisi Henry Darcy alitoa kitabu chake juu ya maji ya mji wa Dijon. Yeye alikuwa amewaletea wenyeji maji ya chemchemi kwa mfereji wa kilometa zaidi ya kumi na mbili. Kisha, katika hospitali ya mji huo, alijaza mchanga ndani ya bomba refu lililosimama, akapitisha maji, akapima. Akapata kanuni iliyo msingi wa elimu hii mpaka leo: wingi wa maji yapitayo ardhini hutegemea mteremko wa maji hayo, na tabia ya udongo au mwamba wenyewe. Katika mchanga maji hutembea. Katika udongo wa mfinyanzi hutambaa. Katika mwamba mgumu hupita penye nyufa tu.

Twaona basi kwamba Paramelle alitumia macho na miguu, naye Darcy alitumia bomba na hesabu. Njia hizo mbili hazishindani. Mpaka leo mtaalamu akija kijijini hutakiwa kutembea kwanza, kabla ya kufungua sanduku la vyombo vyake.

ARDHI YA WALUNGU

Tuyatazame sasa makwetu. Walungu iko kusini-magharibi ya Bukavu, katika milima, na ndani yake mna utemi wa Ngweshe na ule wa Kaziba. Sehemu ya maji yake huteremka magharibi kuelekea mto Ulindi; sehemu huteremka mashariki kuelekea Ruzizi na ziwa Tanganyika. Na kwa kuwa Tanganyika nalo hutoa maji yake kwa mto Lukuga, maji ya pande zote mbili mwishowe hukutana katika mto mkubwa wa Kongo.

Chini ya vilima vyetu mna mawe ya namna mbili hasa: miamba ya kale sana, na mawe meusi yaliyotoka katika volkano za zamani, ambayo mengi yameoza na kuwa udongo mwekundu. Mvua hupenya udongo huo na nyufa za mawe, kisha hutokea chini ya mteremko, pembeni ya mabonde yenye matope. Ndiyo sababu vijiji vya milimani vina chemchemi nyingi ndogo kuliko visima virefu. Goma ni tofauti kabisa. Huko mawe ya Nyiragongo ni mapya, yana matundu mengi, na mvua huzama pasipo kufanya chemchemi karibu na watu. Mji huo hutegemea sana maji ya ziwa. Tena Kamanyola, ingawa ni sehemu ya Walungu, iko chini katika uwanda wa Ruzizi, penye joto na mvua chache. Kwa hiyo dawa ya Kamanyola siyo dawa ya Burhale, ingawa serikali yao ni moja.

JINSI YA KUPIMA CHEMCHEMI

Njia ya kwanza ya kupima chemchemi ni ndoo na saa. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa nukta 40, chemchemi yatoa nusu lita kila nukta. Kwa siku nzima, usiku na mchana, ni lita 43,200. Kila mtu akitumia lita 20 kwa siku, chemchemi hiyo yawatosha watu 2,160. Wakuu wa kijiji wafurahi, na bomba lajengwa.

Lakini ikiwa kipimo hicho kilifanywa Aprili, furaha hiyo ni ya bure. Tuseme mwisho wa Agosti ndoo ile ile yajaa kwa nukta 100. Sasa ni lita 17,280 kwa siku, nao watakaopata ni watu 864 tu. Wengine zaidi ya elfu moja watarudi kwenye maji ya bondeni. Tena bila tangi, maji ya usiku yote hupotea. Mara nyingi watu husema kwamba bomba limeharibika, au fundi ameiba saruji, kumbe kosa lilikuwa katika siku ya kupima. Chemchemi yapasa kupimwa mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua za Septemba, na kipimo hicho ndicho cha kufuatwa.

Kisima nacho chapimwa kwa kamba yenye uzito mdogo mwishoni. Kamba huwekwa alama kila nusu meta, huteremshwa mpaka iguse maji, na kina huandikwa. Lazima ipimwe alfajiri, watu wakiwa hawajateka, na siku zote kutoka mahali pamoja penye alama kwenye ukingo.

Wataalamu wana vyombo vingine. Mwaka 1912 Mfaransa Conrad Schlumberger alipigilia vyuma ardhini huko Normandie, akapitisha umeme, akapima jinsi ardhi ilivyouzuia. Mwamba mkavu huuzuia sana umeme. Mwamba ulioloa maji huupitisha zaidi. Njia hiyo hutumika sana barani Afrika kabla ya kuchimba visima virefu. Lakini yataka akili, kwa sababu udongo wa mfinyanzi nao hupitisha umeme vizuri, ingawa hauna maji ya kutoka. Mwaka 1935 Mmarekani Charles Theis alitoa hesabu ya kujua, kwa kuvuta maji kwa pampu na kuangalia yanavyoshuka saa kwa saa, kisima kitaweza kutoa kiasi gani pasipo kuchoka. Na tangu mwaka 2002 satelaiti zizungukazo dunia zimepima hata uzito wa maji ya nchi nzima. Lakini macho ya satelaiti ni ya mambo makubwa. Chemchemi ya kijiji haionekani kutoka huko. Hiyo imeachiwa ndoo na saa.

FUNZO LA DODOMA

Msomaji atauliza: yatosha kupima mara moja? Tupate jibu kutoka Tanzania. Katika uwanda wa Makutapora, karibu na Dodoma, kuna visima vilishavyo mji huo. Tangu mwaka 1955 watu waliendelea kupima kina cha maji yake. Wafanyakazi walibadilika, serikali ilibadilika, lakini kazi ile haikuachwa. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza walichokiona katika vipimo vya miaka 55.

Walikuta kwamba akiba ya maji ya Makutapora haijazwi kila mwaka. Miaka mingi maji hushuka polepole, hata mtu angedhani yanakwisha. Kisha huja mwaka mmoja wa mvua kubwa mno, kama ile ya 1997 na 1998, na maji hupanda ghafula. Miaka michache ya namna hiyo ndiyo iliyoilisha Dodoma kwa muda mrefu. Aliyepima miaka mitatu tu angelikosea: ama angeliogopa bure, ama angelitumia ovyo.

Milima yetu siyo Dodoma. Kwetu mvua hunyesha karibu miezi tisa, na chemchemi zetu ndogo hupanda na kushuka pamoja na majira. Lakini funzo ni moja: kipimo kimoja ni kama picha ya mtu, haionyeshi kama akua au akonda.

Na Kongo? Kivu haikukosa watu wa kupima. Kituo cha kilimo cha Mulungu kilikuwako, na mwaka 1947 Wabelgiji waliunda taasisi ya elimu ya sayansi, ambayo makao yake yaliwekwa Lwiro, katika Kabare. Kituo hicho chaendelea na kazi mpaka leo. Lakini katika nchi nzima vituo vingi vya mvua na mito vilivyokuwako mwaka 1960 vilinyamaza katika miaka iliyofuata. Kisha vita vya 1996 na vya 1998 viliwafukuza watu makwao. Akimbiaye na mtoto mgongoni hachukui kipimo cha mvua. Hatuwezi kumlaumu mtu. Lakini kurasa zile tupu ndizo zifanyazo leo mzee na kijana wabishane pasipo mwamuzi.

MIKARATUSI NA VYOO

Mambo mawili zaidi yapasa kuangaliwa. La kwanza ni miti. Yule mama aliyeilaumu mikaratusi hakusema ovyo. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, wataalamu walipima kijito kimoja, kisha mwaka 1969 wakapanda mikaratusi katika bonde lake lote. Mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Miti ilipokatwa, ikiwa na umri wa miaka 16, maji hayakurudi mara moja. Ilichukua miaka mitano. Ukweli huo ulipatikana kwa sababu walianza kupima kabla ya kupanda. Hatusemi kwamba mkaratusi ni adui. Unatupa mbao, kuni na makaa, na wengi wamelipa karo ya shule kwa mti huo. Lakini juu ya chemchemi sipo mahali pake.

La pili ni usafi. Maji mengi yaweza kuwa maji ya kifo. Mwaka 1854, huko London, kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa mmoja. Daktari John Snow aliandika mahali alipokufa kila mtu, akaona kwamba wengi walikuwa wametumia pampu moja ya Broad Street. Maji yake yalionekana safi, tena wengine waliyapenda. Baadaye ikagunduliwa kwamba shimo la uchafu lilikuwa karibu sana na kisima. Macho hayatoshi kuhukumu maji. Yafaa maji ya chemchemi yapelekwe kupimwa vijidudu, hasa mwanzo wa mvua, ambapo uchafu wa mlima huteremka. Choo kiwe angalau meta 30 mbali na chemchemi, wala kisiwe upande wa juu yake. Ukoo unaojenga choo juu ya kilima huwanywesha walio chini.

DAFTARI YA CHEMCHEMI

Kardinali Lavigerie alipowatuma wamisionari wake Afrika, aliagiza kila misheni iandike daftari ya mambo ya kila siku. Leo wenye elimu ya historia hufungua madaftari hayo na kukuta humo njaa, ndui, na mvua zilizochelewa, mambo ambayo pengine yangesahauliwa kabisa. Na kila parokia ina vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Twajua siku aliyobatizwa babu yetu, lakini hatujui chemchemi aliyoinywa ilitoa maji kiasi gani.

Basi kwa nini kijiji kisiwe na daftari ya chemchemi? Gharama yake ni daftari moja, ndoo, saa, na chombo cha kukinga mvua chenye kuta zilizosimama wima. Mwalimu na wanafunzi wake waweza kuifanya kazi hiyo, au halmashauri ya maji. Siku moja ya kila juma, saa ile ile, wapime ndoo mara tatu, wachukue wastani, waandike tarehe, nukta, mvua ya juma hilo, na rangi ya maji. Waandike pia mambo yasiyo ya kawaida: miti imekatwa, shimo la dhahabu limechimbwa juu, ardhi imetetemeka. Tetemeko laweza kufungua nyufa au kuzifunga. Wakazi wa Bukavu na majirani zake hawajasahau lile la tarehe 3 Februari 2008. Chemchemi ikibadilika baada ya tetemeko, daftari itasema. Bila daftari, atalaumiwa jirani au mchawi.

Baada ya mwaka mmoja daftari itajua siku ya upungufu mkubwa. Baada ya miaka mitano itawasaidia wajenzi wa bomba wasidanganyike. Baada ya miaka ishirini itaweza kumjibu mzee, kijana na mama, tena pasipo ugomvi. Na siku kijiji kitakapokwenda mbele ya wakuu kuomba msaada, au kulinda chanzo chake kwa sheria ya maji iliyotolewa tarehe 31 Desemba 2015, hakitakwenda na malalamiko matupu, bali na hesabu.

Wahenga walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maji yetu yako mvunguni mwa milima. Paramelle aliinama miaka mingi akitazama udongo wa parokia yake. Nasi twaweza kuinama mara moja kwa juma, ndoo mkononi, pale pale tunapongoja zamu.